Fleshi Iliyogoma Harusini

Juu ya mlango wangu pale Mkunazini nimeandika kwa rangi nyekundu: MSABAH, MPIGA PICHA HODARI. Neno la mwisho hakuna aliyenipa, nilijipa mwenyewe, na rangi ilikuwa imebaki. Ukweli ni kwamba hodari wa nyumba yangu ni mke wangu Sichana, na ilinichukua miaka kumi na tisa ya ndoa kuweza kulitamka hilo bila kukohoa.

Mwaka wa hamsini na sita niliuza cherehani ya marehemu baba yangu nikanunua kamera ya Kijerumani, ile aina yenye kioo ndani, ambayo ukichungulia kwa juu unaona kilekile lenzi inachokiona. Mjini zilikuwa chache, na mimi nilitembea nayo kifuani hata nikienda sokoni kununua papa mkavu. Kilichobaki ni fleshi, kwa sababu kazi yenye heshima ilikuwa harusi, na harusi ni ndani ya nyumba.

Mhindi mmoja wa Hurumzi alinitolea fleshi tatu. Moja ndogo, inayokunjwa kama kipepeo cha mkono na kuingia mfukoni. Ya pili ilikuwa na bakuli la kung'ara kubwa kama sinia la halua, lenye mpini wa kushikia. Ya tatu ilikuwa ya umeme mtupu, haitaki glopu, lakini betri yake ilivaliwa begani na uzito wake ulikuwa wa kiroba cha mchele. Mhindi alinishauri ile ndogo. Alisema mwanga wake ni wa kutosha, haina mambo mengi, na mtu mmoja anaimudu. Mimi nilijitazama ndani ya bakuli la ile ya pili, nikaiona sura yangu imekuwa pana na ya maana sana, nikachukua hiyo.

Matumizi yake niliyajua siku ileile, au nilidhani nimeyajua. Glopu moja huwaka mara moja tu ikafa, ikatoka imebabuka, ya moto, unaitupa unatia nyingine. Kwenye boksi la glopu kulikuwa na nambari, kwa filamu yangu ilikuwa mia moja na kumi. Nambari hiyo unaigawa kwa futi zilizopo baina ya kamera na mtu unayempiga, na jawabu ndilo tundu la lenzi unalofungua. Mtu akiwa futi saba, jawabu ni karibu kumi na sita, tundu dogo. Akiwa mbali zaidi, unafungua tundu kubwa zaidi. Nikajaribu nyumbani, Sichana mwenyewe akikaa mbele ya kamera, nikapima sakafu kwa rula, nikagawa, nikapiga. Picha ilitoka hadi uzi wa kanga unauhesabu. Nikaitia dirishani wapita njia waone.

Tatizo lilikuwa kwamba mwanamme haingii anapotolewa biharusi. Siku ya kumtoa aonwe, wanawake hujifungia sebuleni, madirisha yote yanafungwa ili wenye macho marefu wasichungulie, na mle ndani mchana wa jua kali unakuwa giza la stoo. Mimi kwa hivyo nilikaa nje ya pazia, na Sichana akaingia na kamera. Nilimfundisha kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Nilimwambia achungulie kiooni, apime masafa, anitajie, mimi nitamgawia hesabu na kumwambia azungushe wapi, kisha abonyeze. Nilimkataza kugusa kitu kingine chochote. Hesabu, nilimwambia, aniachie mimi.

Basi ndivyo tulivyofanya harusi ya kwanza, Malindi. Mimi nje ya pazia nimevaa koti, nauliza, "Ngapi?" Kutoka ndani, katikati ya vigelegele, Sichana anajibu, "Saba." Mimi nafumba macho kidogo, ili waliopita ukumbini waone kwamba nafikiri, kisha natangaza, "Kumi na sita." Fleshi inaripuka, mwanga unatoka chini ya pazia, wanawake wanashtuka kwa raha. Nilijiona mtu mkubwa.

Picha zilitoka za kiza. Dhahabu ilionekana, kikuba cha asumini kilionekana kwa mbali, lakini uso wa biharusi ulizama kama mtu aliyekaa uvunguni. Harusi ya pili ikawa hivyohivyo. Nyumbani fleshi ile iliwaka na kutoa picha safi, kila siku, hata kwa paka. Ikifika harusini inagoma.

Hapo ndipo nilipoanza kuitibu. Nilisugua vishikizo vyake kwa msasa, nikisema ni kutu ya hewa ya bahari. Nikabadilisha betri, kisha waya, kisha nikanunua glopu za boksi jingine. Kila asubuhi niliianika juani barazani kama karafuu. Rafiki yangu Kificho, fundi wa redio, aliifungua yote akaifunga tena, akaniambia haina ugonjwa wowote. Nikamwambia redio na fleshi si kitu kimoja. Harusi ya tatu nikashikilia kwamba ubaya ni moshi wa udi, nikawaomba wenye harusi wasifukize. Nilifukuzwa hadi njia kuu, na picha chache alizowahi Sichana kupiga, za kiza nazo, hawakuzitaka.

Harusi ya nne walifukiza kidogo kwa kunionea huruma, na picha zikatoka kiza kilekile.

Sasa wanawake nao walikuwa wamefanya uchunguzi wao. Bi Biasha, somo aliyewafunda na kuwapamba nusu ya maharusi wa mjini, alisema waziwazi: fleshi ni ileile, kamera ni ileile, nyumbani zinafanya kazi, kwa Msabah mwenyewe zinafanya kazi. Kinachobadilika ni mkono unaoshika. Sichana ana kisirani. Na mtu mwenye kisirani hasogezwi karibu na biharusi, si kwa kamera wala kwa chano cha maua.

Maneno yale nilifikishiwa na mteja aliyekuja kupiga picha ya pasi. Nami nikafanya jambo ambalo hadi leo nalionea haya. Nilivuta pumzi ndefu, nikatikisa kichwa, nikasema mambo ya wanawake hayo. Sikumkatalia. Ile pumzi ilinisaidia sana, kwani tangu siku hiyo watu walininunulia kahawa. Waliniona fundi hodari aliyekwazwa na mkewe.

Mialiko ilipungua, Sichana akawa anakaa nyumbani siku za harusi anakosha picha zangu za pasi kwenye beseni. Nilidhani hajali.

Kisha ikaja harusi ya Mwanapili, binti wa Kazija, dada yake Sichana. Mwanapili alilelewa nyumbani kwetu miaka mitatu Kazija alipokuwa anaumwa, Sichana ndiye aliyemsuka na kumfundisha kusoma. Kazija alituma mtu kusema kwamba nduguye anapendwa na anaombewa dua, lakini siku ya kumtoa biharusi asije. Asije kabisa. Usiku atapelekewa pilau.

Sichana aliusikiliza ujumbe hadi mwisho, akamshukuru aliyeuleta, akaingia ndani. Nilimkuta amekaa kitandani anakunja kanga moja, anaikunjua, anaikunja tena. Alikuwa analia bila sauti. Mimi nilisimama mlangoni kama mgeni asiyejua avue viatu au asivue.

Badala ya kumfariji, nilisema la kazi. Kificho alikuwa amenambia kwamba chombo kinachogoma mahali fulani kijaribiwe vilevile kama kinavyotumika mahali hapo, jambo kwa jambo. Nikamwomba Sichana anisaidie mara moja tu. Tukafunga madirisha ya sebule yetu, nikaweka mto juu ya kiti uwe biharusi, nikaning'iniza shuka mlangoni, nikatoka nje. Udi hatukuwa nao, tukafukiza ubani.

"Ngapi?" nikauliza.

"Saba."

Nilitaka kusema kumi na sita, lakini moshi ulinikereketa, nikafunua shuka ili utoke. Na mara ya kwanza tangu nimfundishe kazi ile nikamwona Sichana akipima. Alikuwa amepiga magoti, ameulaza mkono wake sakafuni, kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Alikuwa bado yuko kwenye ule wa saba, chini ya kiti.

Wasiouziwa nguo kwa mkono niwaeleze: mkono mmoja ni futi moja na nusu. Saba zake zilikuwa futi kumi na nusu. Biharusi wote wanne walikuwa mbali kwa nusu nzima kuliko nilivyogawa, na mimi nje ya pazia, macho nimeyafumba kwa kufikiri, niliwafungulia tundu dogo mno. Nyumbani fleshi ilifanya kazi kwa sababu nyumbani nilipima mimi, kwa rula. Fleshi haikuwa imegoma hata siku moja.

"Unapima kwa mkono?" nikamwuliza.

"Ulinambia nipime. Hukunambia kwa nini." Akainuka, akajipangusa magoti. "Nlidhani utaniuliza."

Nitaeleza kila kitu, maana nimeshaanza. Wazo langu la kwanza halikuwa kumwomba radhi. Lilikuwa kumpa rula kimyakimya, picha zitengenee, na watu waseme Msabah hatimaye ameishinda fleshi yake. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema kwamba hilo ni dogo. Lakini Sichana alikuwa ananitazama, na alikuwa ameshafahamu.

"Kwa hivyo si mimi?" akasema. "Miezi minane yote hii, si mimi?"

Nikamwambia si yeye. Akakaa juu ya kile kiti, juu ya mto wa biharusi, akafunika uso kwa viganja. Nilitamani anitukane.

Kesho yake nilikwenda kwa Kazija, nikamkuta na Bi Biasha wanachambua asumini. Nikatoa shikamoo, nikaeleza habari ya futi na mikono kwa ufupi na kwa lugha ya kitaalamu, nikitumai wataelewa kidogo. Bi Biasha alielewa yote. Alisema kisirani kilitangazwa mbele za watu, basi na kifutwe mbele ya watu haohao, siku ya kumtoa Mwanapili, na nikifute mimi kwa mdomo wangu. Wasiposikia neno langu mlangoni, Sichana hapiti. Kazija hakumpinga.

Siku mbili zilizobaki kabla ya harusi, Sichana alinijia na swali moja tu. Alishika boksi tupu la glopu, akaniuliza ile nambari inafanya nini. Nikamweleza, nikaongeza kwamba nimemnunulia rula ya kukunja. Akasema haitaki, mkono wake hausahauliki nyumbani. Akachukua penseli akaenda jikoni na lile boksi.

Siku ya harusi nilivaa koti lilelile. Pazia lilikuwa la kitambaa cha maua, na nyuma yake niliwasikia wanawake wengi, bangili, watoto, udi unapita hadi kwangu. Sichana alisimama pembeni yangu kwa buibui lake, kamera kifuani, bakuli la fleshi mkononi. Bi Biasha akawanyamazisha, akasema Bwana Msabah ana neno.

Nikasema. Nilisema nilikosea hesabu kwa kudhani futi bila ya kuuliza, na kwamba picha za kiza za harusi zote nne ni zangu, hazina mkono wa Sichana. Kisha mtu akacheka, wakacheka wote, kicheko kirefu cha wanawake waliosubiri muda kunicheka, na mimi nikapumua nikidhani yamekwisha. Bi Biasha aliwaacha wacheke hadi wamalize.

"Na tulivyokuwa tukimsema mkeo," akauliza kutoka ndani, taratibu, "ulikuwa ukijua?"

Ningeweza kusema sikujua. Hakuna ambaye angenikamata. Sichana alikuwa anaangalia pazia, haniangalii mimi.

"Naam," nikasema. "Nlikuwa nnajua."

Safari hii hakucheka mtu. Nilisikia bangili moja ikigonga kitu, basi. Sauti ya Bi Biasha ikasema, "Karibu ndani, mwanangu Sichana," na pazia likafunuka kidogo, akapita, likarudi. Nilimsikia Mwanapili akiita, "Mama mdogo," kwa sauti ambayo biharusi haruhusiwi kuitoa, na Kazija akilia.

Nikajiweka sawa mlangoni. Ile mia moja na kumi nilikuwa nayo tayari kichwani, na mikono yote, mitano, saba, tisa na nusu, nimeshaigeuza futi. Niliwasikia wakimkalisha biharusi, wakimtengeneza ushungi. Nikakohoa kidogo ili Sichana ajue nipo.

"Ngapi?" nikauliza.

Fleshi ikaripuka. Mwanga ukatoka chini ya pazia ukafika kwenye viatu vyangu. Nikasikia glopu iliyoungua ikidondoshwa kwenye sinia na nyingine ikisukumwa mahali pake, kisha hatua mbili nyuma, na kiwiko kikilazwa sakafuni.

"Ngapi, Sichana?" nikauliza tena, kwa sauti ndogo zaidi.

Ikaripuka ya pili. Mle ndani alikuwa na glopu kumi na mbili. Nilisimama pale hadi ya mwisho, majawabu yote ninayo, na sikuulizwa hata moja.