Bamba la Shaba Lenye Uso wa Bibi

Harufu ya tindikali ilinipokea mlangoni kwa Shangazi Mwanaidi, kule Muyeye, kabla hata sijavua viatu. Nilikuwa na miaka tisa, nimetoka kwetu Junju kwa likizo, na nyumba ile ilinikosha: sebuleni picha za rangi tupu, chumba cha nyuma mabamba ya shaba. Shangazi alilipaka bamba nta, akachora kwa sindano, kisha akalilaza kwenye beseni la tindikali ili mistari iliwe taratibu. Baadaye alilitia wino na kulikandamiza kwenye karatasi, picha ikatoka. Kazi yangu ilikuwa kupangusa viputo kwa unyoya wa kuku na kumwita wakati ukifika. Nilijiona fundi mkuu.

Bamba la mwaka ule lilikuwa sura ya Bibi, mama yake, aliyekuwa amefariki. Alilichora miezi mitatu, liende kwenye maonyesho yake ya kwanza Nairobi. Siku ya kulitia tindikali kichwa kilimuuma, akajinyoosha kitandani, akaniachia saa ya ukutani. "Mshale mrefu ukifika hapa kwenye sita, niamshe." Haukupita muda, jirani akaniita uani: "Njoo nikutume, mwanangu." Kwetu mtoto hakatai kutumwa na mtu mzima, nami sikufungua mdomo kusema nina kazi. Njiani nikakuta harusi inapita, nikasimama kutazama. Niliporudi, tindikali ilikuwa imeutafuna uso wa Bibi hadi mashimo. Nikapanda kiti, nikaishusha saa, nikaurudisha mshale nyuma hadi kwenye sita, nikaitundika tena, ndipo nikamwamsha. Shangazi alilitazama bamba, akaitazama saa. "Nimekosea kuchanganya tindikali," akasema, akalia. Nikalia naye, mwongo mkubwa mimi. Nairobi hakwenda. Sindano alizifungia kabatini, akabaki kuchora maua ya kupamba vyumba vya hoteli.

Mwezi uliopita nilimkuta akimweleza binti yangu kwamba yeye hakujaliwa mkono wa tindikali. Moyo ulinichoma, nikamweleza Shangazi yote pale pale. Yule mtoto wa miaka tisa bado namwonea huruma; huyu mama wa arobaini na mbili ananitia aibu. Shangazi aliviangalia viganja vyake.

"Ulikuwa mtoto, kwa hilo sikulaumu," akasema. "Lakini hebu niambie, mwanangu, mtu mzima umekuwa tangu lini?"

Nikaanza kuhesabu miaka.