Nyumba ya Tatu Kutoka Mchikichi

Juzi nilikuwa kwenye foleni katika ofisi ya mtendaji wa kata, hapa Katubuka. Mbele yangu alisimama mama mkimbizi kutoka Burundi, anaomba barua ya kumwandikishia mwanawe shule.

"Unakaa wapi, mama?" mtendaji akamwuliza.

"Kwenye mchikichi, mzee. Nyumba ya tatu ukishuka."

Mtendaji akaweka kalamu chini. "Mchikichi ule ulikatwa zamani, kabla hamjavuka kuja huku. Wewe uliuona wapi?"

Siku hizi mkimbizi akidhaniwa anadanganya anakoishi, barua hapati, na kambini anaweza kurudishwa.

Mama akafumbata viganja. "Sikuuona, mzee. Mimi nilikuta duka la saruji. Lakini mtaa mzima wanapaita kwenye mchikichi, nami nikapaita hivyo hivyo."

Mtendaji akakuna kidevu, akatazama dirishani kama anayeutafuta mti wenyewe. "Mgeni angesema dukani," akasema taratibu, kisha akagonga muhuri.

Nilitoka pale nikishangaa jinsi mtu anavyoweza kuwa mwenyeji wa mti ambao hajapata kuuona. Jioni nikampigia simu fundi bomba asiyepajua kwangu, nikamwelekeza vizuri kabisa: "Ukifika duka la saruji, kata kushoto."

Nilikuwa nimeshakata simu nilipolitazama kovu la gotini kwangu. Nililipata utotoni, siku nilipoanguka kutoka kwenye mchikichi ule ule.