Kopo la Mjerumani Sikioni Mwangu

Wajukuu wangu wakitaka kunichokoza huniuliza sikio langu la kulia liling'atwa na mnyama gani. Nawajibu kwamba liling'atwa na kopo. Wanacheka, nami nacheka nao, maana ni kweli tupu, na katika vituko vyote vya ujana wangu hakuna kilichonipa raha kama lile kopo kabla halijaanza kunitesa.

Ilikuwa zamani za Mjerumani, boma lake pale Arusha likiwa bado linanuka chokaa mpya. Sisi tulikaa juu, upande wa Olmotonyi, ndani ya migomba, na mimi nilikuwa nimekwisha kuposwa na kijana wa Oldonyo Sambu, nyuma ya mlima, kwa watu wa ng'ombe. Kwetu Waarusha siku hizo uzuri wa mtu ulikuwa sikioni. Ungekuwa na meno meupe na shingo ndefu, lakini kama ndewe zako, ile nyama laini ya chini ya sikio, hazijatanuka, nani angegeuka kukutazama? Tulitogwa tungali wadogo, tena kwa subira: kwanza mwiba, halafu kijiti, halafu kigogo cha mzeituni wa porini kilichopakwa mafuta ya kondoo, kisha kigogo kinene zaidi, na kila kimoja kilikaa mpaka ngozi ikazoea. Siku ya harusi ndipo mwanamke alipovishwa vipuli vya shaba, waya mnene uliozungushwa duara juu ya duara. Mke hakuvivua maadamu mumewe yu hai. Masikio matupu yalikuwa na maana moja tu, na kila mtoto aliijua: huyu ni mjane.

Mimi na subira hatukuwahi kupatana. Nyuma ya boma Wazungu walitupa makopo yao, na siku moja, nikitoka kuuza ndizi, nikaliona moja dogo, la duara, sijui lilikuwa la dawa au la mafuta. Lo! Lilikuwa linameremeta! Nikalificha ndani ya ngozi niliyovaa, nikakimbia nalo mpaka mtoni, nikalisugua kwa mchanga na majivu hadi nikauona uso wangu ndani yake. Kigogo changu kilikuwa unene wa kidole gumba, na kopo lilikizidi mbali. Nikapaka mafuta, nikauma meno, nikasukuma. Likaingia! Machozi yalinitoka, lakini nilikuwa nikirukaruka peke yangu pale mtoni kwa furaha.

Mama aliponiona alitua mzigo wake wa majani ya ng'ombe.

"Sikio la kufa halisikii dawa," alisema. "Litoe hilo kopo."

"Yeyo, mama yangu, tazama linavyong'aa!"

"Naona. Nitaliona na sikio litakapooza."

Sikulitoa. Ningelitoaje, na siku ya pili yake kulikuwa na ngoma? Niliruka siku ile kuliko wasichana wote, na kila niliporuka jua lilipiga kopo na watu wakafumba macho. Mchumba wangu alikuwa amevuka mlima na vijana wenzake. Alinisogelea, akanizunguka taratibu kama anayekagua ndama, akasema, "Nimekuona tangu kule mtoni. Nikadhani Mjerumani kahamishia boma lake sikioni mwako." Nilimpenda pale pale. Kabla ya hapo nilikuwa nimeposwa tu.

Mama hakukosea. Mdomo wa kopo ulikuwa na ukali ambao mchanga haukuumaliza, na ndewe ikaanza kuvimba, ikawa nyekundu, ikawa ya moto, ikatoa usaha. Nikikanda kwa maji ya chumvi inatulia, asubuhi imevimba tena. Na kwetu kijana hamsalimu mzee kwa mdomo tu. Unamwinamishia kichwa, naye anakuwekea mkono utosini. Sijawahi kujua kama nchi ile ilikuwa na wazee wengi namna ile! Nilikuwa nikiona mzee anakuja, nakata njia kupitia migombani.

Lakini mjomba wa mchumba wangu ningemkwepa wapi? Alikuja nyumbani na wenzake kupanga siku ya harusi, nami nikaitwa nimsalimu. Nikainama. Alikuwa mzee mwenye upendo mwingi, hakuridhika kuuweka mkono, aliusugua kichwani mwangu akinibariki kwa maneno marefu, na bangili yake ya chuma ikanasa kwenye kopo. Alipoinua mkono, aliinua na sikio langu.

Nilipiga kelele ambazo nadhani zilisikika mpaka bomani. Ndewe ilikuwa imechanika toka juu hadi chini, vipande viwili vinaning'inia, na mjomba wa watu amesimama na kopo mkononi, damu inachuruzika, hajui aniombe radhi au aendelee kubariki. Mwishowe akamgeukia mama.

"Sasa shaba itakaa wapi?" aliuliza.

Hakuwa na ubaya. Aliuliza jambo ambalo sote tulikuwa tukilifikiria. Ningeingiaje Oldonyo Sambu siku ya harusi na sikio tupu, kama mjane, wakati mume ananitangulia njiani akiwa mzima? Mama mkwe wangu asingelikubali kabisa, angesema namtabiria mwanawe kifo. Mzee akatupa muda: sikio likipona, harusi. Lisipopona, ng'ombe wa mahari warudi kwao.

Mama hakunigombeza. Hilo ndilo lililoniogopesha. Alikwenda moja kwa moja kumwita bibi mmoja jirani, aliyeshona masikio ya watu, bibi mwenye pua iliyojaa ugoro na vidole vyembamba ajabu. Alinilaza kichwa mapajani mwake, akachonga kingo za jeraha mpaka damu mbichi ikatoka, kwa sababu, alisema, nyama kavu haishikani na nyama kavu. Kisha akapitisha miiba, akaifunga kwa uzi wa mshipa wa ng'ombe, akaacha tundu dogo la waya. Mama na shangazi walinikalia miguu.

"Haya," bibi alisema alipomaliza. "Usitafune. Usicheke. Usiseme. Taya likicheza, sikio linacheza."

Nisiseme! Mimi! Afadhali angenikata na la pili. Nikakaa ndani kama gogo, nalishwa loshoro, mahindi yaliyopondwa na maziwa ya mgando, mpaka nikaichukia. Jeraha lilitunga usaha tena, mama akalikamua, akalifukiza. Homa ilinipanda, ikashuka. Usiponisikia nikizungumza, ujue naumwa kweli, na majirani walianza kuja kumpa mama pole kana kwamba nimekwisha kufa.

Mchumba wangu naye akaja. Hakuruhusiwa kuingia, akasimama nje ya ua wetu uliopandwa miti ya masale, akapaza sauti.

"Nimesikia umenyamaza. Nimekuja kuona, maana hata mlima haujawahi kuona ajabu hiyo."

Nikabana midomo.

"Mjomba bado ana kopo lako. Analinywea pombe."

Nikabana tumbo. Bibi wa ugoro akatoka na kuni mkononi, akamfukuza mpaka ng'ambo ya mfereji, nami nilibaki ndani nikilia kwa sababu siwezi kucheka. Usaha ulipokauka na miiba ikatolewa, kovu lilikuwa limetuna kama harage, baya, gumu. Bibi akalivuta kwa nguvu zake zote. Halikusogea.

"Hili," alisema, "litawazika wote."

Harusi ikawa! Mhunzi alinizungushia shaba kwenye masikio yote mawili, akalikaza duara pale pale sikioni, na mama akanishonea ukanda wa ngozi kupita kichwani ubebe uzito. Bibi harusi kwetu hageuki nyuma njiani. Nilitembea kutwa nzima nikizunguka mlima, shingo imesimama wima, nikisikia waya unavuta kovu kila hatua, sijui kama nikijikwaa shaba itaanguka, na ikianguka siwezi hata kugeuka kuiokota. Haikuanguka. Nilipoinama kwa mama mkwe aniwekee mkono, alitazama kwanza upande wa kulia, akagusa shaba, akatabasamu. Nilitaka kuruka kama siku ya ngoma.

Tulikaa vizuri miaka kadhaa, tunataniana, tunazaa. Kisha Wazungu wakapigana wao kwa wao. Askari walikuja Oldonyo Sambu kuchukua wanaume wa kubeba mizigo, wakamchukua mume wangu, wakamchukua na mhunzi. Mvua zikanyesha, zikakatika. Siku moja mtu aliyetoka Kikatiti akatuletea habari kwamba kundi lile la wapagazi liliishia njiani kwa kuhara damu, na kwamba yeye kwa macho yake alimwona mume wangu amelala kando ya njia na hainuki.

Mama mkwe alilia mpaka sauti ikakauka. Kisha akaja kwangu na mafuta ya kondoo na kina mama wa ukoo, kunivua shaba kama desturi ilivyotaka. Shemeji alikuwa amekaa nje anangoja, maana mjane hurithiwa. Shaba ya kushoto ilitoka bila shida: walipaka mafuta, wakauzungusha waya, duara moja baada ya jingine, na sikio likabaki tupu. Nilihisi upepo unapita hapo na moyo wangu ukapita nao.

Ya kulia ikagoma. Tundu lilikuwa limesinyaa, kovu limeukumbatia waya kama mti unavyomeza kamba ya ng'ombe. Walizungusha, damu ikatoka. Wakazungusha tena, nikawapiga teke.

"Mwanangu," mama mkwe alisema, "itabidi tulikate."

"Waya ukatwe na mhunzi."

"Mhunzi yuko wapi? Nasema tukate sikio."

Hapo ndipo nilipowaka. Nilisimama, damu inanitiririka shingoni, nikawaambia kwamba sikio hili limeshakatwa mara moja na kuchanika mara moja, na halitaguswa na kisu tena na mtu yeyote aliye hai. Mhunzi akirudi atakata waya. Na kama mume wangu amekufa, na aje aniambie mwenyewe! Shemeji aliposikia hayo aliinuka, akaenda kutazama mbuzi. Mama mkwe alifunga shaba ya kushoto katika pindo la nguo yake akaondoka, mgongo umeinama, nami nikamwonea huruma kuliko nilivyojionea mimi.

Nilitembea hivyo, upande huu mke, upande huu mjane. Watu kisimani hawakujua wanipe pole au wanisalimu. Kila asubuhi nilishika sikio la kulia kuona kama shaba ipo, na lilipouma nilifurahi.

Nilikuwa napepeta mahindi uani mtu alipotokea upande wa mlima, mwembamba, magoti makubwa kuliko mapaja, anatembelea fimbo. Alisimama mbali. Baadaye aliniambia alisimama ili aone masikio yangu, ajue kama kwake bado kuna nafasi. Nilipogeuka, jua lilipiga shaba. Akasogea taratibu, akanizunguka kama zamani, akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Kwa hiyo," alisema, na sauti yake ilikuwa nyembamba kama yeye, "nimekufa upande mmoja?"

Nilicheka. Nilicheka kicheko nilichokibana siku ile ya ua wa masale, ungo ukaanguka, mahindi yakamwagika, kuku wakayavamia, nami nimemkamata mtu wangu mifupa mitupu. Mama mkwe alitoka ndani mbio kuona nani anacheka nyumbani kwa msiba. Alituona. Alikaa chini pale pale kwenye mahindi, akashika pindo la nguo yake, akaanza kulifungua fundo la ile shaba ya kushoto, nalo alikuwa amelikaza hivi kwamba ilibidi mwanawe amsaidie.