Bamba la Galaksi Bandarini Mutsamudu

Nilimwandikia baba yake mchumba wangu kwamba kazi yangu ng'ambo ni kupima jinsi ulimwengu unavyotanuka. Haukuwa uongo. Lakini barua ile niliiandika mara nne, na kila mara niliondoa sentensi iliyoeleza ninachofanya hasa kwa mikono yangu. Mzee alijibu kwa mstari mmoja: njoo Mutsamudu na kitu cha kuonyesha, ndipo tuzungumze habari za binti.

Nilichukua bamba la alumini. Lilikuwa la mviringo, pana kama sinia la pilau, limetobolewa mamia ya matundu, kila tundu mahali pa galaksi moja angani. Likifungwa kwenye darubini iliyoelekezwa juu, mwanga wa kila galaksi huangukia tunduni mwake, na uzi mwembamba wa kioo huubeba hadi kwenye mashine. Huko ndiko hujulikana galaksi iko mbali kiasi gani na inatukimbia kwa kasi gani. Bamba likishatumika halina faida tena. Niliomba moja, nikapewa.

Nzwani, kisiwa ulipo mji wa Mutsamudu, kilikuwa kimejitenga na Komoro wakati huo. Bandarini Moroni, mji mkuu wa Komoro, askari alikataa hata kulitazama bamba langu. "Unakwenda kisiwa kingine cha nchi yako," aliniambia. "Hakuna forodha. Ukiniomba nikukague, umekubali kwamba kule ni nchi nyingine, na hapo nitakukamata." Nilimshukuru, halafu nikatumia safari nzima kujiuliza kama kushukuru nako kulikuwa kukubali.

Mutsamudu nilipewa fomu. Nchi unayotoka. Nikiandika Komoro, nimekiri kwamba wao si Komoro. Nikiandika Ngazija, nimekitangazia uhuru kisiwa changu bila kushauriana na mtu. Niliandika Ikoni, nilikozaliwa.

Ofisa alisoma, akainua uso. "Ikoni nayo imejitenga?"

"Bado," nilisema kwa adabu.

Akafungua kanga niliyolifungia bamba. Wenzake wawili wakasogea. Mmoja akasema ni dishi la kunasia simu. Mwingine akasema dishi gani lina matundu, hicho ni kichujio cha nazi cha watu wenye njaa kubwa. Ng'ambo ya kizuizi nilimwona mzee mwenyewe, amekuja kunipokea, kanzu nyeupe na kofia ya viua, vile vitundu vinavyozungushiwa uzi, aliyoitarizi kwa mkono wake. Kushona kofia ndiyo kazi yake. Alisimama karibu vya kutosha kusikia kila neno.

"Hili linakusanya nini?" ofisa aliuliza.

"Mwanga wa galaksi. Zinakwenda mbali nasi."

"Zinakimbia nini?"

"Hatujui. Kuna kitu kinachofanya ziachane kwa kasi zaidi na zaidi. Tumekiita nishati giza."

"Kinatoka Moroni?"

Nilifikiri kwa uaminifu. "Kiko kila mahali," nilisema. "Hata Moroni."

Wakatuma mtu amwite kamanda. Nikaelewa kwamba jioni ile nitakuwa rumande, na kwamba kilichobaki cha kuniokoa ni ile sentensi niliyoiondoa mara nne. Nikaitamka mbele ya mkwe wangu mtarajiwa.

"Mimi sipimi chochote. Wanaopima ni wengine. Mimi huchomeka nyuzi kwenye matundu. Kutwa nzima, uzi baada ya uzi."

"Unajuaje uzi upi uingie tundu lipi?" ofisa aliuliza.

"Sijui. Uzi wowote, tundu lolote. Baadaye mashine hupita na kutambua upi umeingia wapi."

"Kwa hiyo huwezi kukosea."

"Ni vigumu sana kukosea."

Mzee akapita kizuizini bila kumwomba mtu ruhusa. Maofisa wale walivaa kofia zake kila Ijumaa. Aliliinua bamba kwenye jua, akalizungusha polepole.

"Halina mpango," alisema. "Huku yamesongamana, huku patupu. Fundi wa namna hii kwangu asingefika adhuhuri."

"Ndivyo galaksi zilivyo, baba."

"Na hakuna aliyelalamika?"

Kisha akamgeukia ofisa. "Mwacheni. Jasusi angejichagulia kazi ya kujivunia."

"Unamjua, fundi?"

Alinitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. "Nilidhani namjua," alisema. "Mwacheni hivyohivyo."

Nyumbani kwake hakuniuliza habari za ulimwengu. Alinipa sindano, uzi mweupe na kipande cha kofia kilichokwisha kutobolewa. "Hapa mashine haipiti," alisema. Nilizungushia uzi matundu saba, jasho likinitiririka, na nyuma ya pazia mtu alikuwa akijizuia kucheka. Nilimjua ni nani. Mzee aliyakagua moja moja, akafumua matano. Mawili akayaacha.

"Haya yatapita," alisema, kisha akapaza sauti kuelekea ndani. "Mama, leteni kahawa. Kuna siku ya kupanga."

Nilikunywa kahawa, nikakubali kila tarehe iliyotajwa. Macho yangu yalikuwa kwenye kofia, nikitafuta yale mawili yalikuwa na nini ambacho matano hayakuwa nacho.