Korosho za Baba Zilizopanda Ndege

Juzi nilisoma kwamba kampuni iliyotengeneza ule mchezo wa kurusha ndege kwenye kompyuta imewaachisha kazi mafundi wake, eti mchezo haulipi tena. Nikasikia upya harufu ya dizeli.

Mchana mmoja wa utoto wangu jenereta ya parokia, pale Nachingwea, ilikuwa inanguruma, na mjomba Severini, karani wa ofisi, alikuwa ameikodolea macho kompyuta, akirusha ndege ya mchezo ule.

"Naenda Dar," aliniambia bila kugeuka.

Sikushangaa kwamba anasafiri ameketi. Hata dereva wa basi huketi. Na kwetu anayesafiri hubeba mizigo ya wenzake. Nilikimbia kwa bibi, naye akafunga korosho za kukaanga kwenye kitambaa, zingali za moto, apelekewe baba huko Dar.

Nilimkuta mjomba bado angani. Hakucheka. Aliuweka mzigo juu ya kompyuta, akatua taratibu.

"Haya, tumefika."

Wiki iliyofuata baba alituma salamu: korosho amezipata. Leo najua mjomba alizipeleka stendi, akampa dereva wa basi. Lakini wale mafundi natamani wajue: ndege yao iliwahi kubeba mzigo kutoka Nachingwea, na ulifika.