Meza Iliyovikwa Bafta

Meza ya nyumbani kwetu, mtaa wa Amani, ilinunuliwa kwa ajili ya kulia chakula, lakini tangu nipate akili sijaona mtu akila juu yake. Tunapigia pasi, tunawekea mikungu ya ndizi, na wakati wa mitihani ya chuo nilikuwa nikilalia madaftari pale. Kula tunakula chini, mkekani. Kwa hivyo dada yangu aliposema Jumapili meza itatandikwa vitambaa vitatu, kikubwa chini, cha rangi juu yake, na chembamba cha kupita katikati, nilimuuliza kama meza inasikia baridi.

Hakucheka. Mgeni wa Jumapili alikuwa mama wa mchumba wake, kutoka kisiwani Tumbatu. Baba wa kijana alisharidhia. Mama yake alikuwa bado hajasema neno. Tuliletewa habari kwamba anataka kwanza kumwona huyo msichana wa mjini nyumbani kwao na kula naye. Bila ya kauli yake, hapana harusi.

Picha aliyoiiga dada ilikuwa kwenye simu. Kitambaa cha chini kilikuwa cheupe, kimeteremka karibu na sakafu. Akaenda sokoni Darajani, akarudi na bafta nyeupe ya pamba. Akaipiga pasi, akaifukiza udi, akainyunyizia marashi, akaitandika bila ya kunyanzi hata moja. Nilikiri kwamba imependeza.

Mama yetu akatoka jikoni, akasimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Nani kafa?"

Ndipo dada alipoiona meza kama alivyoiona mama: bafta ya sanda, udi, marashi, na kitu kirefu kilichofunikwa katikati ya chumba. Mimi nikaona pana mjadala. Nikasema kitambaa hakijui kimekusudiwa nini. Mahujaji huvaa nyeupe na hatuwalilii. Mama akasema mahujaji hawawekewi pilau kifuani. 

Haikuwezekana kuiondoa bafta. Chini yake palikuwa na alama nyeusi ya pasi, pana kama kiganja, na hakuna kitambaa kingine kilichoienea meza yote. Basi tukaifunika. Tukaleta kikoi cha baba, pazia la kijani la chumbani, na doti ya kanga ambayo mama hajaivaa. Hata katika kiherehere kile, dada hakukubali kikoi chekundu kiguse pazia mpaka ikapatikana kanga yenye rangi zote mbili. Mama alikuwa bado anavuta pembe moja tuliposikia hodi.

Tukamwamkia mgeni shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti ya mtu asiye na haraka. Alinawa, akakalia kiti kama anayekijaribu, na sahani yake ikayumba juu ya zile nguo. Akaiangalia sahani. Akashika ukingo wa kanga na kuufunua, kama mwanamke aliyeingia duka la vitambaa. Akafunua pazia. Akafunua kikoi. Mama akaanza kuzungumza habari ya mvua, ambayo haikuwa imenyesha.

Mgeni akaifikia ile nyeupe, akaisugua kwa vidole viwili.

"Bafta," akasema. "Tena ile nzito."

Nilitaka kueleza habari ya mahujaji, mama akanikanyaga mguu. Dada alikuwa nyuma ya kiti na jagi la juisi ya ukwaju, wala hakulimimina wala hakuliweka chini. Mgeni akavirudisha vitambaa kimoja kimoja, akavilainisha kwa kiganja, kisha akageuka.

"Meza mmeivika nguo zote hizi, na bibi harusi mmemwacha kasimama na jagi. Njoo ukae, mwanangu, tule."

Mama akayaachia mazungumzo ya mvua katikati. Dada akavuta kiti, akakaa karibu na mkwe wake, na kwa mara ya kwanza siku ile hakutazama kama pembe za vitambaa zimelingana.