Mkeka wa Kwenda Nao Japani

Safari ya kwanza ya Japani niliipanga mimi, na niliipanga vibaya. Nalisema mapema ili nisije nikaonekana namsingizia mtu. Kazi yangu ni ya mapokezi, kliniki moja hapa kusini-mashariki mwa London. Nawapangia wagonjwa saa zao, na mgonjwa akichelewa dakika kumi napandwa na mori kama kanitukania wazee. Basi na likizo nikaipanga vivyo hivyo: miji sita kwa siku tisa, kila saa na kazi yake, karatasi nikaibandika kwenye friji. Tulikuwa watatu: mimi, mama yangu, na binti yangu, ambaye Kiswahili anakielewa chote mpaka cha mafumbo, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza.

Kosa la pili lilikuwa kuaga. Sisi watu wa Unguja hatusafiri kimyakimya. Unapita nyumba hadi nyumba, unaombana radhi na watu, maana anayeondoka hajui kama atarudi. Ni jambo zuri na silikatai. Tatizo ni kwamba kila unayemuaga anakusindikiza mpaka mlangoni, na pale mlangoni ndipo anapokumbuka ana haja yake ndogo. "Kitu kidogo tu, mwanangu, ukikiona." Mwaka ule kitu kidogo kilikuwa sufuria la umeme la kupikia wali. Mtu mmoja alikuwa kasikia kwamba la Kijapani halina mfano, wali wake hauungui wala haushikani, na habari ikaenea mitaa yetu ya London, Thamesmead na Woolwich nzima. Tuliagizwa masufuria matano. Mimi, mwenye ulimi wa kumfokea daktari, sikuweza kumwambia hapana hata mmoja.

Tukayanunua siku ya tatu, tukayaburura miji minne. Tulipofika Kyoto maua ya micheri, ile miti ambayo Wajapani huisherehekea ikichanua, yalikuwa yamefunguka yote, na stesheni ilikuwa imejaa watu waliokuja kuyaona. Makabati ya kuwekea mizigo hayakuwa na hata moja tupu. Nilizunguka stesheni nzima nikisukuma vitasa, jasho linanitoka, naitazama saa. Mama akalilaza sanduku kubwa, akakaa juu yake, akaufunga mtandio wake vizuri.

"Nendeni nyie," akasema, "mie ntaangalia mizigo."

Tukaenda. Hilo ndilo ninalojilaumu nalo mpaka leo: tulikwenda. Tulikimbia mtoni, tukapiga picha, tukarudi mbio kabla ya treni ya saa tisa. Mama tulimkuta palepale, biskuti imebaki nusu mkononi. Nikamwambia kesho, mji unaofuata, ni zamu yake. Kesho yake ikanyesha mvua ya upepo, na maua yote yakawa chini, yameganda kwenye lami. Mama yangu, aliyesafirishwa mpaka mwisho wa dunia kwenda kuona maua, alikuwa ameyaona kupitia dirisha la treni ya kasi tu, na treni ile ukisema "tazama mti ule" mti umeshapita.

Ya masufuria nayo yana kisa chake. Umeme wa Japani na wa hapa haulingani nguvu, jambo ambalo hatukulijua sisi wala walioagiza. La kwanza kuchomekwa lilikuwa la bibi mmoja wa Woolwich, siku ana wageni. Lilitoa moshi, likatoa harufu, likanyamaza, na wageni wakala mkate. Aliponipigia simu nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikamkumbuka mama juu ya lile sanduku, kicheko kikanikatika.

Watu walikuja kumtazama mama tuliporudi, kama ada. Wakanywa chai, wakamwambia, "Haya, tuhadithie hayo maua."

Mama alifikiri. "Niliwaona watu wamekaa chini ya miti," akasema. "Wametandika mikeka yao, wanakula na watoto wao, wamestarehe. Kama sisi kwetu. Mie nilikuwa dirishani." Kisha akawauliza kama wataongeza chai. Hakunilaumu hata kwa nusu neno. Iliniuma kuliko kama angelinilaumu.

Safari hii ya pili, kwa hiyo, ni kitu kingine kabisa. Mji mmoja, siku kumi na mbili. Kijumba cha kukodi karibu na mto mdogo, na micheri imepandwa kingo zote mbili. Kutoka mlangoni mpaka mti wa kwanza ni mwendo wa mama wa dakika tano, nimeupima kwenye ramani mara ishirini. Jina la mji silitaji hata kwenu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Na nina furaha, jamani! Sijui niiweke wapi. Wajapani wanayatabiri maua yao kama wengine wanavyotabiri mvua: wana ramani, na siku za kufunguka zinapanda kutoka kusini kwenda kaskazini. Mimi naisoma kila asubuhi kwenye basi la kwenda kazini. Utabiri ukisogea siku mbili mbele, moyo unanipasuka. Ukirudi siku moja, nacheka peke yangu mpaka jirani yangu kwenye kiti anavuta mkoba wake karibu. Sijawahi kufurahia kitu hivi tangu niolewe, na ndoa yenyewe haikufika mbali.

Kilichobaki kilikuwa magoti ya mama. Miaka miwili sasa anasali kitini. Mtaalamu wa mazoezi wa hospitali alimwambia bila kuzunguka kwamba magoti hayo hayatarudi ujana. Akijitahidi atabaki na aliyo nayo kwa muda. Basi nilikuwa nimeshatafuta kiti chepesi cha kukunja, nikamwonyesha picha yake kwa fahari. Hakukitazama mara mbili.

"Kiti nakaa kila siku," akasema. "Mie nataka mkeka wangu. Nitandike chini ya mti, nikae chini kama wenzangu."

Mkeka wenyewe ni wa ukili, umesukwa Pemba na dada yake, umeishi nyuma ya kabati letu tangu tuhamie nyumba hii. Nikampa sharti. Sinunui tiketi mpaka nimwone kwa macho yangu amekaa chini na ameinuka mwenyewe. "Umekuwa mkali kuliko mwalimu wangu wa chuo cha Kurani," akasema, lakini alianza. Kila asubuhi alishika sinki la jikoni, akashuka kidogo na kupanda kidogo, huku anahesabu kwa sauti. Wiki zikapita. Utabiri ukatoka. Nafasi za ndege zikaanza kupungua, na mimi bado namtazama magoti.

Sharti la pili lilikuwa siri: safari hii hakuna kuaga mpaka siku moja kabla. Jumamosi moja mama akarudi kutoka soko la Woolwich na mfuko wa mihogo, akauweka mezani, akasema, "Nimeshaaga."

"Umemuaga nani?"

"Wote."

"Mama! Tiketi bado! Haya, wamekuagiza nini? Hebu niambie, masufuria mangapi?"

"Nimewaambia sanduku langu limejaa mkeka."

Ni kweli, maana nilishaujaribu mwenyewe. Mkeka ule haulali sandukuni ila mshazari, kona kwa kona, na kilichobaki pembeni ni nafasi ya nguo zake na msala. Hata birika lisingeingia.

"Wakasemaje?"

"Wamesema basi niwaletee maneno. Safari ile sikuwa na la kuwahadithia." Akaanza kumenya mhogo. "Na mie siwezi kurudi kwao mikono mitupu mara mbili."

Mchana ule ule tukasogeza meza ya sebuleni. Mama akautandika mkeka mwenyewe, akaulainisha kingo kwa kiganja. Akashika mkono wa kochi. Goti moja likashuka, likalia, likafika. La pili likafuata. Akageuka polepole, akakaa, akanyoosha miguu mbele yake, akatutazama kutoka chini huku uso wake umeng'aa. Binti yangu akapiga makofi. Mimi nilikuwa nimesimama na simu mkononi, ukurasa wa tiketi umefunguka.

"Haya," nikasema, "inuka sasa."

Akajaribu. Akashika kochi, akajikaza, akarudi chini. Akajaribu tena, akarudi chini tena. Nikaanza kusema kwamba kiti kile cha kukunja si kibaya, kwamba labda mwaka kesho, nikawa nakwenda kumshika kwapani. Akanizuia kwa kiganja.

"Wacha. Unaniinua nende wapi?"

Nikarudisha mkono wangu.

"Si umesema safari hii hatuendi mbio? Nikishakaa nimekaa." Akavuta mtandio wake, akajifunga vizuri, kama siku ile stesheni. "Mkichoka, nendeni nyie. Mie ntaangalia maua."

Nilikaa chini kando yake, na magoti yangu nayo yakalia, akanicheka. Nikanunua tiketi tatu palepale mkekani. Ilipoingia alasiri tulimwinua mimi na binti yangu, huku na huku, yeye akituelekeza pa kushika.